Steringi Aliyekufa Katikati ya Picha

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinauliza juu ya filamu moja ya Kihindi, Om Shanti Om, iliyoongozwa na Farah Khan na kutoka tarehe 9 Novemba 2007. Kwa kuwa si kila msomaji ameitazama, tunatangulia kuieleza, na asiyependa kusimuliwa mwisho wa picha kabla hajaiona aruke ukurasa huu.

Om Prakash Makhija ni kijana wa Bombay ya mwaka 1977, mwigizaji wa ziada, yaani mmoja wa wale wanaojaza umati nyuma ya nyota na ambao majina yao hayaandikwi popote. Anampenda Shantipriya, nyota mkubwa wa wakati huo, na huzungumza na bango lake la barabarani kana kwamba linamsikia. Shantipriya ameolewa kwa siri na mtayarishaji wa filamu, Mukesh Mehra, naye ni mjamzito. Mukesh anaona ndoa hiyo itamkosesha utajiri, hivyo anamfungia mkewe ndani ya seti na kuitia moto. Om anakufa kwa kutaka kumwokoa, anazaliwa upya usiku uleule katika nyumba ya mwigizaji maarufu, Rajesh Kapoor, na miaka 30 baadaye kumbukumbu zinamrudia na anaanza kupanga kisasi. Shah Rukh Khan anaigiza Om wote wawili. Deepika Padukone ni Shantipriya na pia Sandy, msichana anayefanana naye kama pacha. Na adui wa picha ni Arjun Rampal.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi na kaka zangu tulikulia kwenye mabanda ya video, na kanuni tuliyoijua ilikuwa moja tu, kwamba steringi hafi. Katika picha hii steringi anakufa kabla hata nusu ya pili haijaanza, kisha anarudishwa kwa njia ambayo mimi naiona ni ya kumpumbaza mtazamaji. Je, mtunzi hakuishiwa hapo? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Kanuni yako ya bandani haikuvunjwa, bali ilitekelezwa kwa ukali kuliko kawaida, kwa sababu Om Prakash wa mwaka 1977 hakuwa steringi hata kidogo. Tazama tena mwanzo wa picha. Om anaonekana kati ya watazamaji wa ukumbini wakati wimbo wa filamu ya Karz unapigwa picha, na Rishi Kapoor, steringi wa kweli, anarusha koti lake kwa umati. Om analidaka, mama mmoja aliyesimama karibu naye analigombania, na kijana wetu anabaki akiota kwamba yeye ndiye aliye jukwaani. (Mama yule ni Farah Khan mwenyewe. Na mwenye jicho kali atagundua kwamba Karz ilitoka mwaka 1980, wakati tukio linadaiwa kuwa la 1977. Nadhani waliotengeneza picha hii walijua vizuri na hawakujali.)

Kinachofuata ndicho kiini cha filamu, ingawa kimefunikwa na vichekesho hata wengi tukakipita. Tangu mapema Om anahangaishwa na jina lake la ukoo. Makhija, anaambiwa, si jina la nyota. Nyota huitwa Kapoor au Kumar. Mtazamaji anacheka, lakini utani huo una mzizi. Ukoo wa Kapoor umekuwamo katika sinema za Kihindi tangu enzi za Prithviraj Kapoor, akafuata mwanawe Raj, kisha Rishi, na wajukuu wakaendelea. Sasa angalia namna Om anavyopata alichokitamani. Kipaji hakikumfikisha, bidii haikumfikisha, wala mapenzi ya mama yake aliyemwamini kupita kiasi. Ilimbidi afe, azaliwe upya katika nyumba ya Kapoor, na ndipo akakuta kila mlango u wazi mbele yake, hata ile milango asiyostahili kuipita. Om wa pili ni mvivu, huchelewa kazini, na katika picha anayoigiza mtu mwenye ulemavu mkubwa anamlazimisha mwongozaji aingize ndoto ili yeye apate kucheza disko akiwa kifua wazi. Hakuna anayethubutu kumkatalia.

Kwa hiyo kuzaliwa upya kulikokuudhi si njia ya mkato ya mtunzi aliyeishiwa. Hilo ndilo dai lake, na ni dai chungu: kwamba kwa mtu wa nyuma kufika mbele, katika kazi ile, ni jambo la miujiza. Tena siku hiyohiyo ya tarehe 9 Novemba 2007 ilitoka filamu nyingine, Saawariya, iliyomtambulisha Ranbir Kapoor, mtoto wa Rishi yuleyule aliyerusha koti. Kapoor wa kubuni na Kapoor wa damu walipangwa kwenye majumba ya sinema asubuhi moja, na aliyevuta watu zaidi ni yule wa kubuni, ambaye mwigizaji wake, Shah Rukh Khan, alitoka Delhi bila ndugu yeyote katika sinema na akaanzia kwenye tamthilia ya televisheni, Fauji, mwaka 1989.

SWALI: Mume wangu anashikilia kwamba Deepika ndiye anayeimba katika filamu hii, na mimi nasema waigizaji wa Kihindi hawaimbi wenyewe. Tumewekeana dau la kuku. Tafadhali amueni. (Msomaji, Magomeni, Dar es Salaam)

JIBU: Kuku ni wako, na ukipenda dai wawili, maana Deepika si tu kwamba haimbi, bali hata anapozungumza sauti si yake. Hii ilikuwa filamu yake ya kwanza ya Kihindi, baada ya ile ya lugha ya Kikannada aliyoicheza mwaka 2006, na maneno yote ya Shantipriya yalisemwa na Mona Ghosh Shetty, mtaalamu wa kuingiza sauti. Nyimbo zake ziliimbwa na Shreya Ghoshal. Unapomwona Shantipriya anafungua kinywa, basi, uso ni wa mtu mmoja, usemi ni wa mwingine na uimbaji ni wa wa tatu. Kwa upande wa Shah Rukh, Sonu Nigam alimwimbia Main Agar Kahoon, Sukhwinder Singh alimwimbia wimbo wa disko, na ule mwororo wa Ajab Si, unaosikika Om anapomwona mpenzi wake kwa karibu, ni wa KK, aliyefariki mwaka 2022 mara tu baada ya kutumbuiza Kolkata.

Utaratibu huu ni mkongwe. Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara ya mwaka 1931, ilikuwa na nyimbo saba, na siku hizo mwigizaji alilazimika kuimba papo hapo mbele ya kamera huku wapiga ala wakiwa wamejificha pembeni. Mwaka 1935 studio moja ya Calcutta ilitoa Dhoop Chhaon, ambamo nyimbo zilirekodiwa kwanza, kisha zikapigwa kwenye seti ili waigizaji wafuatishe kwa midomo. Tangu hapo kazi ikagawanyika: huyu ana sura, yule ana koo. Sisi wa pwani tuliozoea kumfuata mwimbaji wa taarabu mpaka pale alipo na kumtunza noti mkononi huona ajabu kidogo, kwamba mwenye sauti asionekane.

Tena kwa muda mrefu hata jina lake halikutajwa. Filamu ya Mahal ilipotoka mwaka 1949, wimbo wake wa mzimu, Aayega Aanewala, ulivuma nchi nzima, lakini kwenye sahani ya santuri mwimbaji aliandikwa Kamini, jina la mhusika aliyeigizwa na Madhubala. Wasikilizaji wakaisumbua redio kutaka kujua Kamini ni nani, na ndipo ikatangazwa kwamba ni Lata Mangeshkar, msichana wa miaka 20 hivi. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinagusa palepale alipogusa msomaji wa Tanga: sinema hii tuipendayo imejengwa juu ya migongo ya watu wasiotajwa, na Om Shanti Om ni miongoni mwa picha chache zinazofanya jambo hilo kuwa hadithi yenyewe.

SWALI: Rafiki yangu anasema filamu hii imeibwa yote kutoka picha za zamani. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini haikupigwa marufuku? (Kijana, Mombasa)

JIBU: Rafiki yako ana macho, lakini neno «yote» limemzidi. Jina la filamu limetoka kwenye wimbo wa Karz, na kutoka Karz pia imekuja habari ya aliyeuawa kuzaliwa upya na kumnasa muuaji kwa wimbo unaosimulia uhalifu wake. Subhash Ghai, mwongozaji wa Karz, anaonekana mwenyewe katika tukio lile la kwanza la ukumbini, hivyo hapo tunaweza kusema mwenye mali alikuwapo na akatabasamu. Ila Karz nayo ilichota kutoka picha ya Kimarekani ya mwaka 1975, The Reincarnation of Peter Proud, na sijui kama huko nako kuna aliyetabasamu.

Penye ugomvi halisi ni pale mwisho. Mwaka 1958 Bimal Roy alitoa Madhumati, picha iliyotungwa na Ritwik Ghatak, ambamo Dilip Kumar anaungana na msichana anayefanana na marehemu mpenzi wake ili kumtisha muuaji aungame. Muuaji anaungama mbele ya anayedhaniwa ni msichana yule, kisha msichana wa kweli anafika akiwa amechelewa, na hapo inabainika kwamba aliyesimama pale muda wote alikuwa mzimu wenyewe. Aliyeitazama Om Shanti Om hahitaji kuambiwa zaidi. Binti wa Bimal Roy, Rinki Bhattacharya, alilalamika hadharani mwaka 2008, na kwa maoni yangu alikuwa na haki ya kulalamika. Kutoa heshima kwa waliotangulia ni jambo jema. Lakini ukichukua pigo la mwisho la hadithi ya mtu, lile linalomfanya mtazamaji ashike kichwa, inafaa umtaje kwa jina na kwa sauti.

Hata hivyo, kuna kuchukua kwingine katika filamu hii ninakokupenda bila sharti. Katika wimbo wa Dhoom Taana, Shantipriya anacheza na mashujaa wa zamani, akiwamo Sunil Dutt, kwa kupachikwa kwa kompyuta ndani ya picha zao za miaka ile. Sunil Dutt alifariki mwaka 2005. Deepika alizaliwa mwaka 1986. Om, ameketi ukumbini kwa tiketi isiyo yake, anajiona yeye katika nafasi ya kila mmoja wao. Hakuna hotuba inayoweza kueleza tamaa ya mtazamaji maskini vizuri kuliko dakika zile chache.

Kijana huyu ameongeza swali la pili, kwa nini bibi yake, asiyejua neno la Kihindi, alielewa tukio la wimbo wa Dastaan kabla yeye hajaelewa. Bibi yako amekulia Mombasa, mjukuu wangu. Mji huo ndio wa Juma Bhalo, aliyetia mashairi ya Kiswahili katika lahani za filamu za Kihindi, na ndiko taarabu ilikochukua tabla na kinanda cha mkono. Masikio yake yalizoea zamani. Lakini lililomfumbua macho zaidi, nadhani, ni desturi ya kijembe. Katika Dastaan Om anasimama mbele ya wageni waalikwa na kuimba habari ya mwanamke aliyechomwa, ukumbi mzima unaona ni wimbo wa filamu mpya, na mtu mmoja tu, Mukesh, anajua kwamba kila ubeti umeelekezwa kwake. Watu wengine wanapiga makofi, yeye anatoka jasho. Mwanamke yeyote wa pwani aliyewahi kuketi harusini akasikia mwimbaji anaimba huku jirani yake akiinama kutafuta kiatu anaijua hali hiyo.

SWALI: Jina la filamu lina maana gani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Om ni mlio mtakatifu unaofungua dua za Kihindu, na shanti ni amani. Lakini pia ni majina ya wapendanao: Shanti yuko katikati, Om wa kwanza kushoto, Om wa pili kulia. Hiyo tafsiri ya pili ni yangu.

SWALI: Mwanangu, nilitazama picha hii na wajukuu na nina mambo mawili. Kwanza, mwishoni yule Sandy anaingia pamoja na rafiki wa Om, wakati sisi tulidhani Sandy ndiye aliyekuwa akimtisha Mukesh. Yule aliyekuwa akizungumza alikuwa nani? Pili, kijana anayempenda mke wa mtu anafundisha nini watoto wetu, achilia mbali hayo mambo ya kufa na kuzaliwa tena? (Bibi, Unguja)

JIBU: Shikamoo, Bibi. Aliyekuwa akizungumza ni Shantipriya mwenyewe, marehemu. Mtunzi ameacha ushahidi: mwanamke yule anamweleza Mukesh kwamba baada ya moto yeye Mukesh alirudi, akamkuta mkewe bado anapumua, akamzika palepale chini ya taa kubwa ya vioo. Om hakuyajua hayo, kwa hiyo hakuweza kumfundisha Sandy ayaseme. Aliyejua ni muuaji na aliyeuawa. Taa inapomwangukia Mukesh hakuna mkono wa mtu uliosogea, na yule mwanamke anamtazama Om, anatabasamu na kutoweka.

Kuhusu mke wa mtu, naomba nimtetee kijana kidogo. Ndoa ilikuwa ya siri, na Om hakuijua. Jioni yao ya pekee wanaipitisha studioni katika wimbo wa Main Agar Kahoon, ambamo anamtembeza Shanti ndani ya vitu vya kuigizia tu, theluji ya bandia, mandhari ya kuchorwa na gari lisilokwenda popote, kwa sababu hana kingine cha kumpa, na wala hakuna linalotokea la kuwafichia wajukuu. Alipousikia ugomvi wa Shanti na Mukesh na kujua kwamba ni mume na mke, hakuendelea. Alijitenga na maumivu yake, na kumkaribia tena hakuthubutu mpaka alipoona moto. Ukinitaka nionyeshe mtu wa kulaumiwa kuhusu ndoa katika picha hii, ni yule aliyemnyima mkewe haki ya kupaka hadharani unga mwekundu kwenye njia ya nywele, alama ya mwanamke aliyeolewa, kisha akamuua alipoidai.

Habari ya kuzaliwa upya ni imani ya Wahindu, nasi tusio Wahindu tunaweza kuitazama kama tunavyosikiliza ngano ya Sungura anayesema. Wajukuu wataelewa. Watunzi wa kule wameitumia mara nyingi hata wenyewe wakaichezea: Shah Rukh alikwisha kufa na kuzaliwa tena katika Karan Arjun ya mwaka 1995, na katika Mahal niliyoitaja, mzimu wa wimbo ule maarufu unakuja kugundulika kuwa ni binti wa mtunza bustani.

SWALI: Mimi hucheza nyuma ya mwimbaji katika kikundi kimoja cha muziki, mwaka wa saba sasa, na jina langu halijawahi kutajwa jukwaani. Nilipotazama Om Shanti Om nililia. Je, Farah Khan aliijua hali yetu, au alitunga tu? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Aliijua kwa karibu kuliko waongozaji wengi. Kabla ya kuongoza filamu alikuwa mbunifu wa miondoko, yule anayewapanga wacheza ngoma safu kwa safu nyuma ya nyota, na ndiyo kazi iliyompeleka London mwaka 2002 kushiriki katika mchezo wa jukwaani wa Bombay Dreams. Filamu yake ya kwanza kama mwongozaji, Main Hoon Na, ilikuja baadaye, mwaka 2004. Katika kazi ile ya kwanza mtu huwatazama wa nyuma siku nzima, maana wa mbele hujitazama mwenyewe.

Kama ulizima televisheni majina yalipoanza kupita, itazame tena mpaka tone la mwisho. Wimbo wa Deewangi Deewangi, ule wa sherehe, ulikusanya nyota zaidi ya 30, na magazeti yaliuandika mno. Lakini majina ya mwisho hayakuandikwa tu kwenye kioo cheusi. Zulia jekundu limetandikwa kama la siku ya uzinduzi, kamera zinamulika, na wanaopita juu yake mmoja baada ya mwingine si waigizaji peke yao, bali walioibeba picha hiyo: wapiga picha, wahariri, wasaidizi, wabeba taa, hadi vijana wa kazi ndogondogo za kwenye seti, kila mmoja akipunga mkono na jina lake likiandikwa. Wa mwisho kufika ni Farah Khan, ameshuka kwenye bajaji, na anapoingia watu wote wamekwisha ondoka.